Mdomo wa Roboti na Kanuni za Bampa

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, nilipewa kurasa chache za kanuni za mashindano ya roboti yanayofanyika Marekani, nizitie katika Kiswahili. Nilimaliza kazi kwa jioni moja nikajiona fundi. Karatasi iliporudi, asistanti wetu alikuwa amepigia mstari maneno matatu tu: «nje ya bampa». Pembeni aliandika: «Nje ya nini? Chukua rula upime.»

Nilimfuata ofisini. «Mwalimu, bampa si ndiyo mwisho wa roboti? Kilicho nje ya bampa ndicho kilicho nje ya roboti.»

Alinijibu kwamba mahali pale kanuni haikutaja bampa. Ilitaja mzingo wa fremu, na bampa huvalishwa juu ya fremu kama koti juu ya shati. Unene wa koti hilo ni sentimeta nane. «Timu ikijenga kwa tafsiri yako,» alisema, «itapigwa adhabu kila mara roboti inapotoa mkono wake, na haitajua kosa liko wapi, kwa sababu imetii ulichoandika wewe.»

Makala hii imetokana na upimaji huo. Nitaeleza jinsi mdomo wa roboti ya kuokota mipira unavyobuniwa, na jinsi kanuni chache za bampa zinavyoamua umbo lake hata kabla fundi hajashika msumeno. Nasema «mdomo» kwa sababu chombo hicho humeza mpira na, kikizungushwa kinyume, huutema. Nasema «bampa», ingawa mafundi wa magari hapa kwetu husema pare-chocs, kwa sababu neno hilo linaeleweka pande nyingi za Kiswahili.

Mashindano yenyewe

Kwetu Kongo neno roboti huwakumbusha wengi zile mashine ndefu zilizosimamishwa kwenye njia panda za Kinshasa mwaka 2013 ili kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Roboti ile husimama mahali pamoja na kutoa amri. Hii ninayoieleza hukimbia, hugongana na nyingine, na hula mipira.

Mashindano yake huandaliwa na FIRST, shirika lililoanzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Mara ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire. Washindani ni wanafunzi wa sekondari wakisaidiwa na watu wazima wenye ujuzi. Kila Januari mchezo mpya hutangazwa pamoja na kitabu cha kanuni, na timu huwa na wiki chache tu za kubuni, kujenga na kujaribu kabla ya mashindano ya kwanza.

Kanuni hubadilika mwaka hata mwaka, kwa hiyo nitashika mchezo mmoja: ule wa mwaka 2022, ulioitwa Rapid React. Uwanja wake ulikuwa na urefu wa mita 16.5 hivi na upana wa mita 8.2. Roboti tatu ziliungana dhidi ya tatu. Mchezo ulidumu dakika mbili na nusu: sekunde 15 za mwanzo roboti zilijiendesha zenyewe, kisha madereva wakashika usukani. Kazi kubwa ilikuwa kuokota mipira sakafuni na kuitia katika chombo kilichosimama katikati ya uwanja. Katika kipindi cha madereva, mpira ulioingia tundu la chini ulileta pointi 1, na ulioingia la juu pointi 2. Tena roboti haikuruhusiwa kushika mipira zaidi ya miwili kwa wakati mmoja.

Sharti hili la mwisho ndilo linaloupa mdomo uzito. Kama roboti ingeweza kubeba mipira ishirini, ingeokota polepole na kupiga kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa hubeba miwili tu, huenda na kurudi mara nyingi, na kila safari huanza kwa kuokota. Roboti inayohitaji sekunde tatu kwa kila mpira hushindwa na ile inayohitaji sekunde moja, hata kama zote mbili hupiga sawasawa.

Mpira wenyewe ulifanana na mpira wa tenisi uliovimba: kipenyo inchi 9.5, yaani sentimeta 24.1, uzito gramu 270 hivi, na uso wa kitambaa. Ili niushike kwa mikono nilitafuta kitu cha kulinganisha, nikakuta kwamba mpira wa basketi wa wanaume una kipenyo cha karibu sentimeta 24 pia, ingawa uzito wake ni zaidi ya mara mbili. Nikaazima mmoja kwa vijana wa kiwanja cha mtaani. «Yaya, utaurudisha lini?» waliuliza. Nikawaambia Jumapili.

Shati na koti

Sasa turudi kwenye fremu. Roboti hizi huwa na kitako cha mbao au cha chuma chepesi, na sehemu zake zisizosogea zilizo karibu na sakafu ndizo zinazoitwa fremu. Fikiria unaizungushia fremu uzi na kuukaza. Urefu wa uzi huo ndio mzingo wa fremu. Mwaka 2022 haukuruhusiwa kuzidi inchi 120, yaani sentimeta 304.8. Uzi uliokazwa haufuati mashimo. Ukiikata fremu mbele ukaacha pengo, uzi hupita moja kwa moja juu ya pengo kama vile halipo. Jambo hili litatufaa baadaye.

Timu inaweza kugawa sentimeta hizo itakavyo. Fremu ya inchi 28 kwa 32, yaani sentimeta 71.1 kwa 81.3, hutumia inchi zote 120 bila kubakisha.

Juu ya fremu huvalishwa bampa. Roboti yenye uzito wa zaidi ya kilo 60 inapokwenda mita tatu kwa sekunde na kukutana na mwenzake uso kwa uso, kitu laini sharti kiwe katikati. Bampa huundwa kwa ubao wa plaiwudi wenye kimo cha inchi 5 na unene wa robo tatu ya inchi. Mbele ya ubao hupangwa mirija miwili ya sponji, mmoja juu ya mwingine, ile ile ambayo watoto huelea nayo kwenye mabwawa ya kuogelea, kila mmoja wenye kipenyo cha inchi mbili na nusu. Vyote hufunikwa kwa kitambaa kigumu, chekundu au cha bluu kufuatana na upande ambao timu inachezea, na namba ya timu huandikwa juu yake.

Jumlisha ubao na sponji: inchi 3.25, yaani sentimeta 8.3. Hizo ndizo sentimeta nane nilizozipoteza katika tafsiri yangu.

Kanuni nne za bampa ndizo zinazouhusu mdomo.

Ya kwanza: kila kona ya fremu sharti ilindwe, na bampa ienee angalau inchi 6 kila upande wa kona. Katikati ya upande panaweza kuachwa wazi.

Ya pili: bampa yote ikae katika ukanda unaoanzia sakafuni na kuishia inchi 7.5 juu, yaani sentimeta 19. Kwa kuwa kimo cha bampa ni kama inchi 5, fundi ana nafasi ya inchi mbili na nusu tu ya kuipandisha au kuishusha.

Ya tatu: bampa isisogee. Haifunguki kama mlango wala kushuka kama daraja ili kuupisha mpira.

Ya nne: mchezo unapoanza, kila kitu isipokuwa bampa kiwe ndani ya mzingo wa fremu. Baada ya kuanza, roboti inaweza kutokeza, lakini si zaidi ya inchi 16, yaani sentimeta 40.6, kutoka kwenye mzingo huo.

Msomaji ameona. Kipimo huanzia kwenye shati, na mimi nilikianzishia kwenye koti. Kwa tafsiri yangu mkono ungeweza kwenda sentimeta 48.9.

Njia mbili

Ukiwa na fremu iliyozungukwa na bampa na mpira uliolala sakafuni nje, kuna njia mbili za kuuingiza. Ama uache pengo katika bampa mpira upite chini, ama uunyanyue upite juu ya bampa.

Tuanze na pengo. Mpira hauhitaji kupanda. Hubiringika tu hadi ndani, ambako rola, yaani gogo jembamba linalozungushwa na mota, huupokea. Rola hukaa ndani ya fremu, mbali na magongano. Hakuna mkono wa kukunja na kukunjua, kwa hiyo vitu vya kuharibika ni vichache. Na kwa kuwa uzi wa mzingo hupita juu ya pengo, kuikata fremu hakuongezi wala kupunguza mzingo.

Gharama yake ni upana. Chukua upande wa mbele wa sentimeta 71.1. Ondoa inchi 6 kila kona, yaani sentimeta 30.5 kwa jumla. Unabaki na pengo la sentimeta 40.6 kwa upana wa juu kabisa. Mpira una sentimeta 24.1. Basi kitovu cha mpira kina nafasi ya sentimeta 16.5 tu ya kukosea kushoto au kulia kabla mpira haujagonga bampa na kurudishwa nje. Dereva amesimama nyuma ya ukuta mwishoni mwa uwanja, pengine mita kumi na zaidi kutoka kwenye roboti yake, na roboti nyingine inamzuia asione. Sentimeta 16 kwa umbali huo ni kitu kidogo sana.

Tena fremu iliyokatwa mbele ina umbo la herufi U, na U hupindika kwa urahisi kuliko mraba. Ncha za bampa zilizo pembeni ya pengo nazo sharti ziegemee fremu, si kuning'inia hewani. Pengo la sentimeta 40 pia ni mlango wa kona ya roboti ya mpinzani, ambayo ikiingia hukutana na rola badala ya sponji. Na tumbo la roboti, mahali pa betri na nyaya, sasa ni njia ya mpira.

Njia ya pili huacha bampa nzima ikiwa imezunguka pande zote. Mkono wenye rola hukaa umesimama ndani ya fremu mchezo unapoanza, kisha hulala mbele juu ya bampa. Rola inaweza kuwa na upana wa karibu upande wote. Kwa sentimeta zile zile 71.1, kitovu cha mpira sasa kina nafasi ya sentimeta 47, karibu mara tatu ya ile ya pengo. Dereva hana haja ya kulenga. Akipita juu ya mpira kwa upande wowote, unaingia. Ndani yake timu huweka magurudumu yanayousukuma mpira kuelekea katikati, uingie kwenye njia moja.

Gharama yake ni kwamba mpira sasa sharti upande ukuta.

Jinsi mpira unavyopanda

Hapa ndipo nilipokata karatoni. Nilitengeneza bampa ya sentimeta 12.7 kwa kimo na 8.3 kwa unene, nikaiegemeza kwenye mguu wa meza na kuusukumia mpira wa basketi.

Kitovu cha mpira kiko sentimeta 12 juu ya sakafu, nusu ya kipenyo chake. Bampa hata ikishushwa sana, chini ikiachiwa sentimeta 2.5 ili isikwaruze sakafu, juu yake huwa kwenye sentimeta 15.2. Maana yake kitovu cha mpira kiko chini ya ukingo wa bampa. Mpira hugusa uso wa bampa ulio wima, na ukisukumwa mbele namna gani, hauna sababu ya kupanda. Roboti ikiendelea kwenda, itausukuma mpira kama mtoto anavyosukuma tairi.

Kinachoupandisha ni mzunguko. Msomaji anaweza kujaribu kwa chungwa na kitabu kinene. Simamisha kitabu mezani, weka chungwa mbele yake, na ulivute kwa kiganja kutoka juu kuelekea kitabuni. Chungwa hubiringika, hugusa kitabu, na kiganja kikiendelea kuvuta, huanza kupanda. Sababu ni hii: upande wa juu wa chungwa unakwenda kitabuni, kwa hiyo upande unaogusa kitabu unakwenda chini. Ukienda chini huku umebanwa kitabuni, msuguano hulisukuma chungwa juu, kama gurudumu linavyopanda ukuta.

Rola hufanya kazi ya kiganja. Huzunguka namna ambayo upande wake wa chini unakwenda kuelekea roboti. Kwanza huuvuta mpira hadi kwenye bampa, halafu, kwa kuwa rola imekaa juu na nje kidogo ya kitovu cha mpira, hubana mpira kati yake na bampa na kuupandisha. Ili ubane, nafasi kati ya rola na bampa lazima iwe pungufu kuliko kipenyo cha mpira kwa sentimeta kama tatu. Ikiwa pana mno, rola huteleza juu ya kitambaa. Ikiwa finyu mno, mota hushindwa na mpira hukwama.

Sehemu ngumu ya kupanda ni ile ambayo mpira unagusa uso wa wima, kwa sababu hapo hauna kitu cha kuukalia. Unashikiliwa na msuguano tu. Sehemu hiyo huisha kitovu cha mpira kinapofika usawa wa ukingo wa bampa. Kuanzia hapo mpira hukalia ukingo na kujipindua juu yake. Basi tuhesabu. Bampa ikiwa chini kabisa, kitovu kinapaswa kupanda kutoka sentimeta 12.1 hadi 15.2, yaani sentimeta 3.1. Bampa ikiwa juu kabisa, ukingo ukiwa kwenye sentimeta 19, kitovu kinapaswa kupanda sentimeta 7. Fundi yule yule, mpira ule ule, mota ile ile. Lakini kwa kuchagua mahali pa kufungia ubao katika ukanda wa bampa, ameongeza kazi ya msuguano zaidi ya mara mbili.

Ndiyo maana kimo cha bampa, ambacho mgeni hudhani ni jambo la mwisho, huamuliwa pamoja na mdomo tangu mchoro wa kwanza. Timu iliyofunga bampa zake juu bila kufikiri hugundua kosa wakati fremu imekwisha kutobolewa matundu.

Mpira mdogo una shida zaidi. Katika mchezo wa mwaka 2020 mipira ilikuwa ya sponji yenye kipenyo cha inchi 7, yaani sentimeta 17.8. Kitovu chake kiko sentimeta 8.9 juu ya sakafu. Hata kwa bampa ya chini kabisa, kinapaswa kupanda sentimeta 6.3 kwa msuguano peke yake.

Hesabu ya kutokeza

Sasa sentimeta nane zangu zinaonyesha uzito wake. Mpira unapogusa bampa, kitovu chake kiko mbali na mzingo wa fremu kwa unene wa bampa pamoja na nusu ya kipenyo: 8.3 na 12.1, jumla sentimeta 20.4. Weka rola ya kipenyo cha sentimeta 5 juu ya mpira kwa pembe ya nyuzi 45 upande wa nje. Mhimili wa rola unaangukia karibu sentimeta 31 kutoka kwenye mzingo, na ukingo wake wa nje karibu sentimeta 33. Mpaka ni 40.6. Zimebaki sentimeta saba na kitu za mabamba ya pembeni na za mkono kutikisika.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mchezo wa 2020, ambao mpaka wake ulikuwa inchi 12 tu, yaani sentimeta 30.5. Kitovu cha mpira kiko sentimeta 17.2 kutoka kwenye mzingo, na ukingo wa nje wa rola unafika karibu sentimeta 28. Zimebaki mbili na nusu. Fundi aliyedhani ana nane zaidi angejenga mkono unaovunja kanuni kila unapolala, na mwamuzi angeipa timu pinzani pointi kila alipouona.

Kasi ya rola

Kuna swali moja ambalo nilidhani halina uhusiano na bampa: rola izunguke kwa kasi gani? Jibu linategemea kasi ya roboti yenyewe.

Mpira ulio kati ya sakafu na rola hugusa vitu viwili vinavyosogea. Ukiangalia ukiwa juu ya roboti, sakafu inakujia kwa kasi ya roboti, na uso wa rola unakujia kwa kasi yake. Mpira, ukiwa umebanwa kati yao bila kuteleza, huja kwa wastani wa kasi hizo mbili. Roboti ikienda mbele mita 3 kwa sekunde na uso wa rola ukienda mita 6, mpira huingia kwa mita 4.5 kwa sekunde. Vizuri. Lakini dereva mara nyingi hugusa mpira akiwa anageuka au anarudi nyuma. Sasa sakafu inakimbia kinyume: 6 toa 3, gawanya kwa mbili, mita 1.5 kwa sekunde. Mpira bado unaingia. Kama uso wa rola ungekuwa na kasi ya mita 3 tu, jibu lingekuwa sifuri: mpira ungezunguka pale pale chini ya rola, hauingii wala hautoki.

Kwa hiyo wajenzi wengi hushika kanuni ya mkono: uso wa rola uende angalau mara mbili ya kasi ya roboti. Rola ya kipenyo cha sentimeta 5 ina mzingo wa sentimeta 15.7, ili uso wake uende mita 6 kwa sekunde, sharti izunguke karibu mara 2,290 kwa dakika. Hapo ndipo mota na gia huchaguliwa.

Mkono unaokubali kupigwa

Mkono uliolala nje ya bampa hauna koti. Kitu cha kwanza kukutana na roboti nyingine ni wenyewe. Timu zilizojenga mkono wa chuma kigumu ziliona ukipinda, na mkono uliopinda haurudi ndani ya fremu. Wengi hukata mabamba ya pembeni kutoka kwenye polikaboneti, plastiki inayopinda na kurudi badala ya kuvunjika. Wengine huusukuma mkono kwa hewa iliyobanwa, ili ukipigwa urudi nyuma wenyewe kisha ulale tena. Mkono ukikwama nje hauna kinga. Ukikwama ndani, roboti imefunga mdomo mpaka mwisho wa mchezo.

Je, njia ipi ni bora? Pengo huipa timu ndogo, yenye zana chache, chombo kisichoharibika kwa urahisi. Mkono wa juu ya bampa hudai kazi zaidi na hulipa kwa upana. Ningekuwa na timu ya vijana wanaojenga mara ya kwanza kwa msumeno na tindo, ningewaambia waanze na pengo, lakini wageuze fremu ili upande mrefu uwe mbele: kwa sentimeta 81.3 pengo huwa sentimeta 50.8, na nafasi ya kukosea huongezeka kutoka sentimeta 16.5 hadi 26.7. Hawajaongeza hata msumari. Wamesoma tu kwamba kanuni inahesabu mzingo mzima, haisemi upande upi uwe mbele.

Kusoma kabla ya kuchora

Kitabu cha kanuni hizi kina tabia ambazo mwanafunzi wa lugha atazitambua. Maneno yenye maana maalumu huchapwa kwa herufi kubwa zote, na kila moja lina ufafanuzi wake. Wasomaji huonywa kwamba maandishi yanamaanisha kile yanachosema na hicho tu. Wasitafute nia iliyofichwa, wala wasitegemee kumbukumbu ya mwaka uliopita. Hata ubadilishaji wa vipimo una adabu yake. Kanuni iko kwa inchi, na sentimeta huwekwa kwa msaada: kiwango cha juu hupunguzwa na cha chini huongezwa, ili anayefuata sentimeta asivunje kanuni ya inchi. Ndiyo maana inchi 16 za kutokeza huandikwa kama sentimeta 40, na inchi 6 za kulinda kona huandikwa kama 16, si 15. Mtafsiri mwenye bidii ya hesabu anayesahihisha 16 kuwa 15 amewakosesha watu robo ya sentimeta ya ulinzi, na mkaguzi ana rula.

Katika tafsiri yangu ya pili nilishika istilahi tatu, nikazirudia bila kubadilisha hata pale ambapo sikio lilitaka kisawe: mzingo wa fremu, ukanda wa bampa, kutokeza. Kwenye insha tunafundishwa kuepuka kurudia neno. Kwenye kanuni, neno likibadilika msomaji ana haki ya kudhani kitu nacho kimebadilika. Mwanzoni niliandika «fremu» hapa, «kitako» pale, «mwili wa roboti» kwingine, nikijivunia utajiri wa msamiati. Kumbe nilikuwa nimemchorea fundi roboti tatu.

Karatasi ya pili ilirudi na mistari miwili myekundu, yote ya tahajia.

Mpira niliurudisha Jumapili kama nilivyoahidi. Vijana walitaka kujua niliufanyia nini siku zote hizo. Nikawaonyesha karatoni, nikaulaza mpira mbele yake, nikauvuta kwa kiganja hadi ukapanda na kuangukia upande wa pili. Waliurudia wenyewe mara nyingi. Mmoja akashusha karatoni kidogo, akaona mpira unapanda kwa urahisi zaidi, akanitazama. «Yaya, tukitaka kuijenga ya kweli tuanzie wapi?»

Nikampa tafsiri, ile iliyosahihishwa.